Mtoto wa Nne Hakuandikwa

Siku ile naikumbuka kwa harufu ya wino na uji wa mtama. Nilikuwa nimekaa mkekani ukumbini kwa shangazi yangu, Bi Raya, kule Wingwi, rundo la fomu mapajani, vidole vimekuwa buluu kwa kuandika, nami najiona mtu katika watu. Mwanangu, kaa karibu nikuhadithie, maana kosa hili si la jirani wala la mtu niliyemsikia. Ni langu mimi, nimelifanya kwa mkono wangu na kwa hati nzuri kabisa.

Nakuhadithia kwa sababu nasikia nyinyi vijana mnatafutwa tena kwenda kuuliza watu maswali majumbani, siku hizi kwa hivyo vishikwambi vyenu. Na hata kama kazi hiyo huipati, iko siku utatumwa kumuuliza mtu hali yake. Sote tunatumwa.

Mimi nilikuwa msichana wa Wawi. Skuli niliishia Fomu Tuu, mtihani ukanigomea, lakini ndoto hazikugoma. Siku moja nilipita mbele ya ofisi mjini Chake, nikamwona mwanamke kakaa chini ya feni anapiga taipu, na juu ya meza yake kuna gilasi ya maji imefunikwa kwa kitambaa cha kufuma. Basi! Nikajiambia, na mimi nitakaa pale. Kuanzia siku hiyo nikifua nguo, napiga taipu. Nikimenya muhogo, napiga taipu. Mama yangu alikuwa akiniangalia akitikisa kichwa.

Wakaja wataalamu kutoka Unguja. Walisema wanafanya utafiti juu ya umaskini, afya za watu, na namna wananchi wanavyoongozwa. Walitaka wasichana wenye hati nzuri, kwa kuwa msichana anaweza kuingia ndani kwa wanawake na mwanamme hawezi. Zingatia hapo, mwanangu. Sababu yenyewe ya kunichukua mimi ilikuwa niingie ndani.

Mkubwa wetu alikuwa Bwana Juma, mtu mwembamba mwenye kalamu nne mfukoni. Yeye alicheka namna tunavyosema sisi Wapemba, na sisi tukacheka namna anavyosema yeye, tukaelewana. Alitufundisha siku mbili, na mwisho akasema, "Atakayefanya vizuri, tutamchukua Unguja kwa kazi ya kuzipanga hizi fomu. Gari itakuja kuzichukua Alkhamisi." Mimi katika maneno yote yale nilisikia mawili tu: Unguja na Alkhamisi.

Nikapangiwa kijiji cha shangazi yangu, nikafika Jumamosi. Bi Raya alikuwa mjane, anaishi peke yake, mcheshi, mwenye maneno ya kukuchoma huku akikupakulia chakula. Akanipa kitanda chake, yeye akalala mkekani, akasema mgongo wake unaupenda mkeka. Nikamwamini.

Asubuhi yake nilikwenda kwa sheha, mkuu wa kijiji pale, Mzee Faki, kujitambulisha. Mzee wa watu alifurahi mno. Alivaa kofia mpya, akachukua bakora, akasema, "Twende mwanangu, nikupitishe nyumba kwa nyumba. Bila ya mimi utaumwa na mbwa." Kijiji kizima hakikuwa na mbwa hata mmoja.

Ikawa kazi inakwenda kama maji. Tunafika, sheha anapiga hodi, tunakaribishwa barazani, sheha anakaa wa kwanza, mwenye nyumba anakaa wa pili, mimi pembeni na fomu yangu. Wanawake wako ndani nyuma ya pazia. Nauliza, mume anajibu, sheha anaitikia, naandika. Nyumba moja haikuzidi muda wa kunywa kikombe cha kahawa.

Nakumbuka hasa nyumba ya Bwana Khatib na mkewe Bi Mize, iliyo mwisho wa kijiji karibu na mikoko. Nilimuuliza Khatib ana watoto wangapi.

"Watatu."

"Kuna mgonjwa ndani?"

"Hatujambo, alhamdulillahi."

"Mna mfereji wa maji?"

"Upo," akasema, akaunyooshea kidole pale uliposimama njiani.

"Andika upo," akasema sheha. "Tulipiga makofi siku ulipozinduliwa."

Halafu likaja swali la mwisho. "Je, sheha wenu anawasikiliza?"

Khatib akamtazama sheha. Sheha akatazama mapaa ya nyumba kama fundi anayekagua miti.

"Anatusikiliza sana," Khatib akasema. "Hata sasa hivi anatusikiliza."

Tulicheka wote watatu, nikatia alama yangu ya vema, nikaondoka. Nyuma ya pazia, hakucheka mtu.

Kufikia Jumanne nilikuwa nimemaliza kijiji, imebaki nyumba moja tu, ya shangazi. Basi nikaona, hii mbona naijua? Nikaijaza mwenyewe pale mkekani, bila ya kuuliza, huku napiga mluzi. Ndipo Bi Raya alipoingia na bakuli la uji.

"Unaandika nini tena, karani wa serikali?"

"Fomu yako, shangazi. Nimeshamaliza."

"Haa! Mimi nimesema nini humo?"

"Hujasema kitu. Lakini si nakujua?"

Akaweka bakuli chini, akakaa, akanyoosha miguu. "Nisomee basi huyo Raya unayemjua."

Nikasoma kwa madaha. "Jana mwenye nyumba amekula milo mitatu."

"Wewe ndiye uliyekula mitatu," akasema. "Mimi nilikula mmoja."

"Shangazi! Mchana nilikuuliza, ukanambia umeshakula!"

"Na wewe ungekuwa mwenyeji una mgeni, ungesemaje? Endelea."

Nikaendelea, bila madaha. "Maradhi, hakuna."

"Goti hili silikunji tangu mfungo uliopita. Ndiyo maana nasali nimekaa. Hukuona nasali nimekaa?"

Nilikuwa nimemwona. Nilidhani ni uzee.

"Maji, anatumia mfereji."

Hapo ndipo alipocheka, mwanangu, na kicheko kile kiliniuma kuliko angenipiga kofi. "Mfereji ule haujatoa hata tone tangu baada ya makofi ya sheha wako. Maji unayoogea kila asubuhi nayateka bondeni, bwawani kwenye mpunga, kwa goti hili hili."

Akasema taratibu, bila hasira, "Saada mwanangu, una siku ya nne unalala kitandani kwangu na hujui jana nimekula nini. Hao uliowakalia barazani na sheha kando, umewajua nini? Wewe hukuwauliza watu. Umewaamkia. Na mtu akiamkiwa hujibu njema, ndivyo tulivyolelewa. Nikikwambia sijambo nakupa heshima yako. Habari zangu nakupa ukikaa."

Nililia mpaka uji ukaganda. Na yeye hakunibembeleza, wala hakunisema tena. Alinyanyuka akaupasha moto.

Kesho yake asubuhi nilitoka bila fomu, bila kalamu na bila sheha. Sikuwa na mpango wowote, nilitaka tu kukaa na mtu. Nikamkuta Bi Mize uani kwake anapiga makumbi. Unayajua makumbi? Maganda ya nazi yanayofukiwa matopeni pwani miezi mingi mpaka yalainike, halafu wanawake wanayafukua na kuyapiga kwa mti mpaka utoke usumba wa kusokotea kamba. Yananuka, usiniulize. Nikamwamkia, nikaokota mti, na mimi nikaanza kupiga. Nilipiga hovyo mpaka maji ya topeni yakanirukia usoni.

"Karani, hayo makumbi yamekufanyaje?" akaniuliza.

Tukacheka. Tukapiga. Akanisimulia bei ya kamba, nikamsimulia yule mwanamke wa chini ya feni. Jua likapanda, kiu ikanishika, nikaomba maji. Bi Mize akaita jina kwa sauti ya chini sana, "Time." Nyuma ya pazia ukatokea mkono mwembamba umeshika kikombe. Pazia likajivuta kidogo, nikauona uso wa mtoto wa kike, wa miaka tisa hivi, amejifunga kanga mpaka kidevuni. Akarudi ndani mbio.

Mwanangu, mimi wale watoto watatu wa nyumba ile nilikuwa nimewaona. Wawili wadogo walikuwa wakicheza pale pale mbele yetu, na mkubwa, mwanamme, nilimkuta njiani anakwenda skuli.

"Huyu ni nani, Bi Mize?"

Mti wake ukasimama. Halafu ukaanza tena kupiga, mara nyingi, kwa nguvu. Nilitaka kuuliza mara ya pili, nikajizuia. Nilipiga na mimi. Sijui tulipiga muda gani.

"Huyo hahesabiwi," mwishowe akasema.

Akanieleza kipande kipande, macho yakiwa kwenye makumbi. Mwezi na kitu uliopita aliona damu kwenye nguo ya mtoto. Akaona tena, na tena. Mama mkwe wake akasema mtoto kavunja ungo, na aliyevunja ungo hakai skuli na wanaume. Lakini Time ni mdogo, na kijiji kingejua kingeuliza vipi mtoto wa miaka tisa, na baada ya kuuliza kingejibu chenyewe, na majibu ya vijiji unayajua. Basi wakamtoa skuli, wakamtoa na chuo cha Kurani. Watu wakaambiwa kapelekwa kwa jamaa Micheweni. Hapo mwisho wa mwezi wangempeleka kweli, akakae huko mpaka mambo yasahaulike.

"Anasema anaumwa akikojoa," akamalizia Bi Mize. "Namwambia vumilia."

Mimi mti ukaniponyoka. Akikojoa! Nyumbani kwetu Wawi kaka zangu wawili walikojoa damu walipokuwa wadogo. Walikuwa wanashindana nani kazidi, na wazee walicheka wakisema wamekuwa wanaume. Hakuna aliyeona ni maradhi mpaka alipokuja daktari skuli akawapa vidonge. Kwa mtoto wa kiume damu ile ilikuwa kichekesho. Kwa mtoto wa kike ikawa kifungo. Na maji ni yale yale ya mabondeni.

"Bi Mize, mimi si daktari," nikasema, "lakini huenda hiki ni kichocho. Time anaoga wapi?"

"Bwawani. Sote tunaoga bwawani. Utaoga mfereji mkavu?"

"Twende kituo cha afya. Leo."

"Nimpitishe njiani? Nikiulizwa niseme nini?"

Hapo ndoto zangu zote za mchana zikanifaa kwa mara ya kwanza. "Sema mgonjwa ni mimi. Naumwa tumbo, mnanisindikiza."

Ndivyo tulivyokwenda. Mimi mbele, nimekunjika, nimeshika tumbo, nagumia. Bi Mize kanishika mkono huu, Time kajifunika kanga kanishika huu. Kila nyumba tunapopita naambiwa pole na dawa yake: ndimu, majivu, tangawizi. Kwenye kona tukakutana na Mzee Faki.

"Lahaula! Saada! Si nilikukataza kisamvu cha jana?"

"Nimekoma, mzee," nikagumia. Na chini ya ile kanga, nikasikia Time anacheka. Mama yake akanigeukia kama aliyesikia adhana. Aliniambia baadaye kwamba kicheko kile alikuwa hajakisikia tangu damu ya kwanza.

Kituoni alikuwapo muuguzi mmoja, mwanamke mnene mpole. Tulipofunga mlango nikajinyoosha, maumivu yakanitoka ghafla. Akamsikiliza Bi Mize mpaka mwisho. Akampa Time kichupa akojolee, kisha yeye akaenda nacho chumba cha pili kwenye darubini. Tulisubiri kwenye benchi tumeshikana mikono watatu. Bi Mize midomo inamcheza kwa dua, mimi moyo unanambia, je kama umekosea, Saada? Je kama umemtoa mtoto wa watu njiani bure?

Muuguzi akarudi anafuta mikono.

"Kichocho," akasema.

"Kichocho tu?" akauliza Bi Mize.

"Tu? Mama, kichocho si tu. Asipotibiwa kitamharibu. Ni mdudu wa maji ya bwawani, hachagui mwanamme wala mwanamke. Hakuna ungo hapa, huyu ni mtoto. Anameza dawa leo, atarudi nimwangalie tena, na bwawani asiingie."

Lakini Bi Mize alikuwa hamsikii. Alikuwa ameinama magotini pake, analia na kucheka pamoja, anarudia "kichocho, kichocho" kama mtu aliyetajiwa jina la mjukuu. Time alimeza vidonge vyake kimoja kimoja, akikunja uso kwa uchungu. Alipomaliza akamuuliza muuguzi, wala hakumuuliza mama yake, "Nitarudi skuli?"

"Ukikawia nakuja kukutafuta kwa bakora," akajibu muuguzi.

Nilirudi njia ile ile nimenyooka kama mnazi, na walionipa dawa ya majivu wakasema imefanya kazi.

Alkhamisi gari ikaja. Bwana Juma akashuka, akanyoosha mkono apewe fomu. Nikazikumbatia.

"Bwana Juma, hizi si kweli."

"Nani kakudanganya?"

"Hakuna. Mimi ndiye sikuwauliza." Nikamweleza yote, baraza, pazia, na fomu ya shangazi niliyoijaza huku napiga mluzi. Ya Time sikumwambia, maana ile haikuwa yangu kusema. Nilimwambia tu kuna mtoto nyumba moja hayumo.

Akalitazama rundo kifuani kwangu. "Zote?"

"Zote."

"Gari haingoji, Saada. Na kazi ya Unguja atapewa mwengine."

"Najua."

Akanitazama sana, halafu akafungua begi akatoa rundo jipya, jeupe, akaliweka mikononi mwangu pamoja na moja ya zile kalamu nne. "Rudia taratibu. Fomu zinazochelewa naweza kuzieleza kwa wakubwa zangu. Hizi ulizokumbatia nisingeweza." Gari ikaondoka na vumbi lake. Nilisimama pale nimekosa Unguja, feni na gilasi ya maji, na wallahi mwanangu, nilijihisi mwepesi kama niliyetuliwa ndoo kichwani.

Mzigo ulibaki mmoja, Mzee Faki. Nilikwenda kwake nikamwambia, kwa adabu zote nilizonazo, kwamba safari hii nataka kwenda peke yangu.

"Mimi nimekuwa jini? Watu wangu wananiogopa?"

"Hawakuogopi, mzee. Wanakuonea haya. Hakuna atakayesema mbele yako kwamba mfereji hautoi maji."

Bakora ikamwanguka. "Kumbe ndiyo maana hawakulisema hilo? Mimi kila mara naandika barua juu ya ule mfereji! Najibiwa kwamba watu wangu wenyewe wakiulizwa wanasema upo!" Akavua kofia, akaipangusa. "Na mimi ndiye niliyekwambia andika upo." Halafu akasema, "Nenda. Mimi leo nakaa kwangu. Lakini wakinisema vibaya, utanambia?"

"Sikwambii, mzee."

Akacheka mpaka akakohoa.

Fomu mpya zilisema mfereji mkavu, na mafundi walikuja baada ya masika, wakakuta bomba limepasuka njiani. Sitakwambia maji yalimwagika mchana kutwa, yalikuwa yakitoka asubuhi tu, lakini yalitoka. Watu wa afya nao walikuja skuli na vidonge kwa watoto wote, na wale wanaume wakubwa wa kukojoa damu walipanga foleni na dada zao. Unguja nilikwenda miaka mingi baadaye, kwa harusi. Feni niliiona. Inapuliza vizuri.

Lakini katika yote, kinachonijia kila nikikumbuka ni ile siku niliyorudi na fomu mpya kwa Bi Mize. Safari hii nilikaa ndani, mkekani, na Khatib yupo, ameketi kando anatazama vidole vya miguu yake. Nikauliza, "Watoto wangapi?" Khatib akamtazama mkewe.

"Wanne," akasema Bi Mize.

Nikaandika. Akaniambia, "Nioneshe hapo pa wanne." Hakuwa anajua kusoma. Nikamwonesha. Akaweka kidole chake juu ya ile tarakimu, kidole chenye usumba ndani ya kucha, akakiacha pale muda mrefu, kama anayempapasa mtoto aliyelala. Uani tulimsikia Time anasoma Juzuu yake kwa sauti ya juu, anakosea, anarudia, na hakuna aliyemwambia apunguze.

Basi mwanangu, nasaha zangu ni hizi. Ukitumwa kumuuliza mtu hali yake, kaa. Kaa mpaka mkono wako ufanye kazi anayoifanya yeye. Usimuulize mbele ya mkubwa wake, wala usimuulize mume habari za mwili wa mke. Akikwambia njema, pokea, hiyo ni heshima yako, kisha subiri, habari zinakuja nyuma. Ukiona kitu kipo, uliza kama kinatoa maji. Usimwandikie mtu maisha yake kwa kuwa unadhani unamjua, hata akiwa shangazi yako, na hasa akiwa shangazi yako. Na ukijua umekosea, sema mapema, kabla gari haijaondoka. Utakikosa unachokitaka, mimi nilikikosa, lakini utalala.

Nenda, Mwenyezi Mungu akufungulie mapazia ya watu kwa wema, akupe sikio kabla ya kalamu, akulinde na hati nzuri isiyo na kweli. Na kila nyumba utakayoingia, inshaallah, utoke umewahesabu wote. Amin.